Jibu la Nyamizi

Mwalimu Aroni Kalinga alistaafu mwezi wa tatu, na kufika mwezi wa sita alikuwa ameshamchosha mkewe. Hakuwa mtu mbaya, ila hakujua kukaa. Alihamisha sufuria kutoka rafu hii kwenda ile, aliwafuata kuku uani kama mtu anayesimamia mtihani, na kila asubuhi alimwuliza Lea chumvi imebaki kiasi gani. Lea akavumilia, akavumilia, mwishowe akajitanda khanga akaenda kwa mchungaji wa usharika wao pale Kalenga.

"Baba Mchungaji," alisema, "mtafutie mume wangu kazi. Yoyote. Hata ya kuhesabu viti."

Mchungaji akacheka, lakini hakusahau. Jumapili iliyofuata alimwita Aroni kando akamwomba atunge maswali ya chemsha bongo kwa ajili ya vijana, siku ya sherehe ya mavuno. Maswali arobaini, yote kuhusu mimea: majani, miti, mazao, chochote kinachoota.

"Mimi nimefundisha historia miaka thelathini na tatu," Aroni alijitetea. "Niulize habari za Mkwawa nitakujibu nimelala. Mimea siijui."

"Utaisoma," mchungaji akasema. "Si muda unao?"

Aroni akaazima kitabu cha baiolojia kwa jirani, akanunua daftari jipya, akaweka kiti barazani. Siku ya kwanza alikereka, na ya pili akaanza kufurahi. Alikuwa amefika umri wa miaka sitini bila kujua kwamba kiazi mviringo ni shina lililonenepa chini ya ardhi, wakati kiazi kitamu ni mzizi. Hakujua kwamba karanga huchanua juu, halafu ua likishachavushwa linachoma udongo na kwenda kuzaa gizani. Kila alipokutana na jambo jipya alimwita mkewe.

"Lea! Unajua kwamba mgomba si mti? Lile shina ni majani tu yamekumbatiana."

"Ukiukata kwa panga si unaona maji na matabaka?" Lea alijibu kutoka jikoni. "Kuna mti wa hivyo?"

Siku ya tatu alifungua ukurasa unaohusu jamii ya nyasi. Kulikuwa na picha ya mahindi, picha ya mpunga, ngano, ulezi, muwa. Chini kabisa kulikuwa na picha ya mwanzi, na sentensi moja fupi iliyosema kwamba mwanzi, ingawa unaweza kushinda nyumba ya ghorofa kwa urefu, si mti bali ni nyasi, na ndiyo nyasi ndefu kuliko zote duniani.

Aroni aliisoma, akairudia. Kalamu ikabaki mkononi. Lea alipotoka kuanika vyombo alimkuta vilevile, amekodolea macho upande wa bondeni ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Unaumwa?"

"Kuna mtoto wa watu nilimkosesha haki yake," alisema.

Jambo lenyewe lilikuwa la miaka kumi na mitano nyuma. Shule aliyokuwa akifundisha mjini Iringa ilikaribisha shule nyingine kadhaa kwa shindano la chemsha bongo. Mwalimu wa baiolojia, ambaye ndiye angesoma maswali, aliamka na homa, na kwa kuwa Aroni alikuwa na sauti nzuri na alikuwa hodari wa kuchangamsha watu, akapewa karatasi. Maswali upande wa kushoto, majibu upande wa kulia. Nani aliyaandika, hakuuliza.

Shule mbili zilifika mwisho zikiwa sawa. Moja ilikuwa ya hapohapo Iringa. Nyingine ilitoka kule tambarare ya Usangu, na aliyeiwakilisha alikuwa msichana mwembamba wa kidato cha tatu aliyeitwa Nyamizi, wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Ukumbi ulijaa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama baba yake kwa viatu vya matairi na koti la suti, amepanda lori la mpunga alfajiri ili amwone mwanawe.

Swali la mwisho lilisema: taja nyasi ndefu kuliko zote duniani.

Msichana akanyoosha mkono kabla swali halijamalizika. "Mwanzi," akasema.

Aroni akatazama karatasi. Upande wa kulia paliandikwa: mabingobingo. Yale majani marefu ya kulishia ng'ombe wa maziwa, yanayopandwa kwenye kingo za mashamba. Angeweza kusema tu kwamba jibu si sahihi, akaendelea. Lakini ukumbi ulikuwa umechangamka, naye alikuwa kwenye raha yake.

"Mwanzi ni nyasi?" alisema, akiwageukia watu. "Kumbe sisi Wahehe, pombe yetu yote hii ya ulanzi tunayogema kwenye mianzi, tunakunywa maji ya nyasi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye, kwa kuwa kicheko kilikuwa kitamu, akaongeza mzaha mwingine. "Au labda kwenu Nyamizi ng'ombe wanapandishwa juu ya mianzi kwenda kulishwa?"

Watu walipiga meza. Ndipo yule mzee wa nyuma akainua mkono, akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao, "Mwalimu, tazama pingili. Tazama jani linavyovaa shina..." Hakufika mbali. "Mzee, kaa chini," Aroni alimwambia kwenye kipaza sauti. "Hapa ni shuleni." Kicheko kikarudi upya. Swali likaenda upande wa pili, kijana wa Iringa akajibu mabingobingo, na kikombe kikabaki Iringa.

"Hilo tu?" Lea aliuliza alipomaliza kusimuliwa.

"Hilo tu."

Lea akakaa kwenye ngazi. Alikuwa mwanamke asiyependa kumpunguzia mtu uzito kwa maneno ya bure. "Na wewe unatakaje?"

"Nimtafute nimwambie."

"Atakucheka."

"Ana haki."

"Basi nenda," Lea akasema. "Sufuria zangu nazo zipumzike."

Kumpata hakukuwa kazi kubwa kama alivyodhani. Gloria, mwalimu mwenzake wa zamani ambaye siku hizi alikuwa Mbeya, alimjua mtu anayemjua mtu, na baada ya siku mbili akapiga simu. Nyamizi alikuwa Uyole. Ana eneo lake nyuma ya soko, anauza majani ya ng'ombe na vipando vya malisho. "Ukifika uliza Mama Blessing wa majani," Gloria alisema. "Wenye ng'ombe wa maziwa wote wanamjua. Lakini Mwalimu, unamtafutia nini?"

"Nina deni la maneno," Aroni akajibu, akabadilisha mazungumzo.

Alipanda basi la asubuhi. Mafinga, Makambako, Igawa, huku akirudiarudia kichwani maneno aliyoyapanga. Yalikuwa mazuri sana hadi Chimala. Alipoteremka Uyole kwenye baridi na vumbi la malori hakukumbuka hata sentensi moja.

Alimkuta amesimama kati ya vifurushi vya majani mabichi vilivyofika kifuani, anamhudumia mzee mmoja wa Kisafwa aliyekuja na toroli. Hakuwa mwembamba tena. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mabuti ya mpira miguuni, kilemba, mikono yenye nguvu. Alikuwa akimweleza yule mzee kwamba majani ya guatemala asiyakate yakiwa machanga sana, na kwamba mabingobingo yaliyopigwa na jua siku nzima ng'ombe atayasusa.

"Karibu baba," alimwambia Aroni bila kugeuka. "Unataka ya kulisha au ya kupanda?"

"Sina ng'ombe, mwanangu. Nimetoka Iringa. Naitwa Mwalimu Kalinga."

Mikono ikasimama. Nyamizi akageuka polepole, akamtazama kuanzia viatu hadi mvi.

"Shikamoo Mwalimu," alisema, kwa sababu alilelewa hivyo.

"Marahaba."

"Umezeeka."

"Nimezeeka, ndiyo. Nimekuja kukwambia kwamba ulikuwa umepatia. Mwanzi ni nyasi. Karatasi ilikosea, na mimi nikakosea zaidi ya karatasi. Nilisoma kwenye kitabu juma lililopita."

Nyamizi alifunga kifurushi cha yule mzee kwa kamba, akapokea pesa yake, akamsaidia kusukuma toroli hadi barabarani. Aroni alibaki amesimama na mfuko wake wa safari kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Nyamizi aliporudi, alimwonyesha kigoda.

"Juma lililopita," alisema. "Mimi nilisoma mwaka uleule. Nilirudi shule nikafungua kitabu cha maktaba, nikakuta. Nikamwonyesha matroni. Akaniambia shindano limeisha, nikalale."

"Nisamehe, mwanangu. Nimefikiri njia nzima. Kama ningekupa haki yako siku ile, labda ungeenda mbele, labda leo ungekuwa..."

"Mwalimu, ngoja." Aliinua kiganja. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayemzuia mgeni asikanyage miche. "Usijipe ukubwa. Mimi sikufeli kwa sababu yako. Nilifeli hesabu. Hata ungenipa kikombe na mkono wa pongezi ningefeli hesabu. Nilikuja hapa, nikafanya kibarua kwenye mashamba ya utafiti wa malisho, nikajifunza, nikapata kazi yangu. Unaona hapa panalia njaa?"

Aroni aliangalia vifurushi. Hapakulia njaa.

"Basi nimeshukuru," alisema, akaanza kunyanyuka. Moyoni alijisikia mwepesi, na wepesi ule ulimtia aibu kidogo, maana ulikuja upesi mno.

"Kaa, sijamaliza," Nyamizi akasema. Sauti yake ilibadilika. "Aliyeumia siku ile si mimi, ni baba. Lile jibu lilikuwa lake. Tangu nina miaka sita nafuata ng'ombe nyuma yake, ananifundisha: hiki ni nini, hiki kinaliwa, hiki kinaua. Akanifundisha kutazama pingili. Mwanzi alinionyesha siku tulipopita Mafinga, akasema hili ni jani limejisahau likakua. Ndiyo maana nilinyoosha mkono haraka vile. Na mbele ya watu wote ukamwambia akae chini."

Aroni alikaa tena.

"Toka siku ile hajakanyaga shule yoyote. Kikao cha wazazi, haji. Mahafali yangu ya kidato cha nne, mama alikuja peke yake. Wadogo zangu vilevile. Hata mambo ya majani aliacha kunisimulia. Ukimwuliza anakwambia, wapo wenye vitabu. Anaona haya, Mwalimu. Anadhani alimdanganya mwanawe akachekwa. Mimi nimemwambia mara mia kwamba alipatia. Anasema, haya, haya. Lakini mimi ni mwanawe. Nitasema nini kingine?"

Malori yalinguruma barabarani. Mteja alikuja akauliza bei, akajibiwa, akaondoka.

"Yuko wapi?" Aroni aliuliza.

"Kulekule Usangu."

"Nipeleke."

Usiku ule Aroni alilala nyumba ya wageni jirani na stendi, na asubuhi wakashika gari dogo hadi Chimala, kisha bodaboda mbili kuingia tambarare. Baridi ya Uyole ilibaki nyuma milimani. Huku chini jua lilikuwa kali na mpunga umeshavunwa. Ng'ombe walitapakaa kwenye mabua, na ndege weupe walitembea kati ya miguu yao. Aroni alishika mgongo wa dereva kwa mikono miwili. Alikuwa akifikiria mzee aliyeinama kwa haya miaka kumi na mitano, na neno gani linaweza kumwinua.

Mzee Nashoni, baba yake Nyamizi, hakuwa ameinama hata kidogo. Walimkuta nje ya boma lake anamtibu ndama jicho, mrefu, mkavu, amesimama wima kama nguzo. Alimtazama mgeni mara moja tu.

"Mwalimu wa Iringa," alisema, kabla binti yake hajafungua mdomo.

"Ndiye mimi, mzee wangu. Shikamoo."

Nashoni hakuitikia mara moja. Alimaliza jicho la ndama, akanawa mikono, akaagiza kiti kitolewe, na maziwa mgando, na kibuyu cha maji. Yote yalipokuwa tayari na mgeni ameshakunywa, ndipo akasema, "Marahaba. Sema lililokuleta."

Aroni alisema. Hakutumia yale maneno aliyoyapanga kwenye basi. Alieleza juu ya karatasi, na homa ya mwalimu wa baiolojia, na kitabu alichoazima kwa jirani. Alisema kwamba jibu lilikuwa sahihi, na aliyelifundisha alikuwa sahihi, na kwamba yeye amekuja kulisema hilo mbele yake. Nyamizi alikuwa amekaa mkekani, anauchezea uzi wa kilemba chake.

Mzee aliweka kibuyu cha maji kando.

"Nikuulize," alisema. "Siku ile. Ulikuwa hujui?"

"Sikujua."

"Hujui kabisa? Kwamba mwanzi ni jani?"

"Mzee wangu, mimi nilikuwa mwalimu wa historia. Nilikuwa nasoma kilichoandikwa. Kama karatasi ingesema nyasi ndefu ni mchungwa, ningesema mchungwa."

Nashoni akamgeukia binti yake, akamsemesha Kisukuma, haraka. Nyamizi akajibu neno moja. Mzee akamrudia Aroni, uso umemkunjuka kwa mshangao, na ghafla akacheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, hadi mkewe akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini.

"Hakujua!" alimwambia mkewe. "Mwalimu mzima! Kitu anachokijua mchunga ndama!"

"Baba," Nyamizi alisema, "unacheka nini?"

Mzee alifuta macho kwa kiganja. "Mwanangu, mimi miaka yote hii nilijua huyu bwana anajua. Nilisema, amesoma, amevaa tai, hawezi kukosa kulijua hili. Basi kama analijua na amekataa, amekataa kwa sababu sisi ni watu wa kuja. Siku zile si unakumbuka maneno yaliyokuwa yakisemwa juu ya wafugaji, kwamba turudi kwetu? Nikasema, hata kwenye shindano la watoto wametunyima."

"Kwa hiyo hukuona haya?"

"Haya ya nini? Nilipatia! Nilikuwa na hasira. Hasira ilinikaa hapa." Alijigusa kooni.

Nyamizi alikuwa amesimama. Aroni, aliyezoea kusoma nyuso za wanafunzi, aliona uso wa yule mwanamke ukirudi kuwa wa msichana wa kidato cha tatu.

"Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani unajilaumu. Nilidhani ukiniona unakumbuka kile kicheko. Baba, mahafali yangu hukuja! Nilikaa naangalia mlango."

Mzee aliacha kucheka.

"Ningekwambia nini?" alisema taratibu. "Kwamba walimu wanawadhulumu watoto wa wafugaji? Ulikuwa umebakiza mwaka mzima na zaidi. Ungesoma kwa nani? Ungemsikiliza mwalimu gani tena? Nikaona bora nikae kimya, wewe usome. Na shuleni sikuja kwa sababu nilijijua. Ningekutana na mwalimu yeyote, hata asiye huyu, ningetukana mbele yako. Mambo ya majani nayo nikayaacha, maana kila nikianza kuyasema, ile hasira inapanda."

"Miaka kumi na mitano, baba."

"Ndiyo. Ni mingi."

Nyamizi akaenda kusimama penye uzio wa boma, amewapa mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mama yake alitoka jikoni, akapita katikati ya wanaume bila kuwatazama, akaenda kusimama naye.

Aroni alijua kwamba hapo angeweza kuaga. Kosa lilikuwa limegeuka kuwa kichekesho, mzee alikuwa amelegea, na kila mtu angemwona mtu mwema aliyesafiri mbali kusema kweli. Lakini kuna kitu kilikuwa kimebaki, na alikijua tangu barazani kwake Kalenga, hata kama kwa Lea alikipitia harakaharaka.

"Mzee Nashoni," alisema. "La mwanzi sikulijua. Lakini lile la ng'ombe juu ya mianzi, lile nilijua. Nilijua ninamsema nani. Na wewe niliposema ukae chini, hapa ni shuleni, nilijua pia. Sikuandikiwa na mtu. Nilipenda watu wacheke. Hilo ndilo ninaloliombea msamaha."

Upepo ulipeperusha vumbi kwenye mabua. Mzee alimtazama, safari hii kwa muda.

"Hilo nilikuwa nalingoja," alisema mwishowe. "Ungeondoka bila kulisema ningekusindikiza vizuri, ungepewa na kuku, lakini ningejua umekuja kwa ajili yako mwenyewe."

"Nisamehe."

"Nimesikia." Akaongeza, "Nimekusamehe, Mwalimu. Lakini binti yangu mwombe yeye mwenyewe kwa hilo hilo. Jibu umeshamrudishia. Kicheko bado."

Aroni akanyanyuka, magoti yakilalamika, akaenda penye uzio. Alichomwambia Nyamizi kilikuwa kifupi, naye alikisikiliza bila kugeuka, akiwa ameshika mti wa uzio. Kisha akaitikia kwa kichwa. Mama yake akasema, "Haya, wali umeiva," na hilo likawatoa wote pale walipokuwa.

Baada ya kula mzee alikuwa mtu mwingine. Alitaka kujua lile shindano lilikuwa na maswali mangapi, na mengine yaliulizaje, maana alipofika yeye lilikuwa limefikia mwishoni. Aroni hakuyakumbuka, lakini alikuwa na daftari la chemsha bongo ya vijana wa usharika, akalitoa mfukoni.

"Kiazi mviringo ni mzizi au ni shina?"

"Kina macho," Nashoni akasema. "Mzizi hauna macho. Ni shina."

"Mgomba ni mti?"

"Usinichezee."

"Pareto hutumika kutengeneza nini?"

"Hiyo ya milimani, mwulize Mama Blessing."

"Dawa ya kuua wadudu," Nyamizi alisema. Alikuwa amekaa karibu na baba yake sasa, macho bado mekundu, anachambua majani aliyoyang'oa njiani.

"Taja aina tatu za nyasi zinazosumbua mashambani." Aroni alifuata jibu kwa kidole. "Hapa nimeandika ukoka, sangari, na ndago."

"Ndago si nyasi," walisema baba na binti kwa pamoja, wakatazamana.

Mzee hakumwachia. Alimtoa kwenye kiti, akamtembeza hadi ukingoni mwa mfereji, akachuma bua la ndago na bua la ukoka. Akamfundisha kuyaviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, macho amefumba. La ukoka lilizunguka lenyewe. La ndago lilikwama, likajikunja, kwa kuwa lina pembe tatu na halina pingili hata moja. "Nyasi ina viungo kama kidole chako," mzee alisema. "Ndago ina kona kama nyumba. Mwenye macho na asiye na macho wote wanaweza kujua." Aroni aliyaviringisha mara nne, tano, kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akatoa kalamu, akafuta ndago, na pembeni akaandika: *Mzee Nashoni, Usangu*.

"Umeandika nini?" mzee aliuliza, maana kusoma kwake kulikuwa kwa taabu.

"Jina lako. Mtoto akibisha nitamwambia nimefundishwa na nani."

Nashoni aliguna tu, lakini alisimama pale mferejini zaidi ya ilivyohitajika, anatazama lile daftari.

Walipoagana jua lilikuwa limeanza kulegea. Mzee aliwasindikiza hadi zilipokuwa bodaboda. Alimpa Aroni mkono, akaushika kwa miwili. Kwa binti yake alikuwa na neno la pembeni, lakini hakujua kunong'ona, na Aroni alilisikia lote.

"Yule mjukuu wangu Blessing, yuko darasa la ngapi?"

"La nne, baba."

"Kikao chao cha wazazi ni lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Nitakuja siku moja kabla. Baridi yenu ya Uyole siiwezi, niwekee blanketi mbili." Kisha, kwa sauti kali kidogo, "Na umwambie mwalimu wao asome kwanza."

Nyamizi alicheka, akapanda pikipiki. Njiani kwenda Chimala, mara mbili Aroni alimwona akijifuta uso kwa ncha ya kilemba, na upepo haukuwa na vumbi kiasi hicho.

Kituoni Chimala, Nyamizi alipokwisha kupanda gari la Uyole, Aroni alimpigia simu Lea kumwambia kwamba atalala Makambako na kufika kesho. Alianza kumsimulia: hasira ya mzee, kicheko, ndago, mahafali. Alisimulia kwa kurukaruka, mambo ya mwisho yakatangulia. Lea alimwacha amalize.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula. Wali na maziwa."

"Haya. Basi lako lisikuache," Lea akasema, na Aroni akaliona likikata kona, akaanza kukimbia.